UMENUNUA VYUMBA VINNE, UMEUZA MTAA



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, leo nina maneno makali kidogo, na najua baadhi yenu mtakasirika. Kasirika, lakini soma mpaka mwisho, kisha ndio unijibu.

Kila mwezi hapa msikitini huja mtu na uso wa furaha. "Shekhe, niombee dua, nimepata kwangu." Namuuliza, wapi? Anataja Msongola, Vikindu ndani ndani huko, Mapinga, au Visiga kwa mbele. Mbali si tatizo, nitalieleza hilo. Namuuliza tena: jirani yako nani? Hajui. Msikiti uko wapi? "Nasikia wanajenga." Watoto watasoma wapi? "Tutaona." Maji? "Tutachimba." Basi nini hasa unachokijua? Hapo uso unang'aa. Vyumba vinne, kimoja masta, sebule, jiko, kiwanja futi mia kwa themanini, milioni 25 tu!

Tu! Hilo neno "tu" ndilo ninalopigana nalo leo.

Wazee wetu wana usemi: jirani kabla ya nyumba. Wengi huutaja mimbarini kama hadithi ya Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam). Sanadi yake ni dhaifu, wanazuoni wa hadithi wamelisema hilo, kwa hiyo usimnasibishie Mtume kwa yakini jambo lisilothibiti. Maana yake lakini ni sahihi, na imethibiti kwa njia nyingine nyingi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Allah anatuamrisha kumwabudu Yeye pekee, na katika aya hiyo hiyo anataja wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali. Katika Bukhari na Muslim, Mtume anaeleza jinsi Jibril alivyomuusia juu ya jirani mpaka akadhani jirani atapewa fungu la mirathi. Na katika Nasai tumefundishwa kujikinga kwa Allah na jirani mbaya katika makazi ya kudumu, kwa sababu jirani wa safarini utaachana naye kesho.

Makazi ya kudumu. Tafakari hapo. Chumba cha kupanga ukikosana na watu unabeba godoro lako unaondoka. Nyumba uliyonunua kwa akiba ya miaka kumi na tano utaibeba vipi?

Sasa mjuzi mmoja ataniambia: "Shekhe, mbona Mtume ametaja nyumba pana kuwa ni katika mambo ya furaha?" Ni kweli, iko katika Ibn Hibban. Ila mbona umeisoma nusu? Mambo yaliyotajwa pale ni manne: mke mwema, makazi mapana, jirani mwema na kipando kizuri. Wewe umechukua upana wa makazi, ukamtupa jirani, na kipando chako ni kuning'inia mlangoni mwa daladala saa kumi na moja alfajiri. Mke mwema unaye, alhamdulillahi, lakini umemwacha peke yake kwenye vyumba vinne porini, na wewe unamwona usiku akiwa amesinzia.

Tufanye hesabu, maana wapenda "bei chee" ni watu wa hesabu. Tuseme kwa mfano nauli yako kutoka huko mpaka kazini Kariakoo ni shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, magari mawili. Bodaboda kutoka barabarani mpaka nyumbani 1,000 asubuhi na 1,000 jioni. Hiyo ni 5,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 130,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,560,000. Kwa miaka kumi ni 15,600,000. Na hapo mke hajaenda kliniki, mtoto hajapanda gari la shule, nauli haijapandishwa hata mara moja. Ile nyumba ya milioni 25 imekuwa ya milioni 40 na ushee, na pesa hiyo yote umeilipa kwa makonda.

Hiyo ni fedha, na fedha inatafutwa. Saa nne barabarani kwa siku ni zaidi ya saa mia moja kwa mwezi, nazo huzipati tena. Alfajiri yako umeiswali wapi? Wengine wananiuliza, "Shekhe, inafaa kuswali nimekaa kwenye gari?" Ninyi mnaniuliza hukumu ya dharura, na dharura mliinunua wenyewe kwa mkataba na mashahidi wawili. Magharibi inakukuta Mbagala Rangi Tatu kwenye foleni. Isha umefika hoi. Nani anamsikiliza mwanao juzuu yake? Nani anajua mwanao anashinda na nani?

Sasa nirudi kwenye umbali, maana wapo watakaonishika hapo.

Banu Salama walikuwa na makazi yao mbali na msikiti wa Mtume. Sehemu za karibu na msikiti zikawa wazi, wakataka kuhama wasogee. Mtume akawazuia, akawaambia wabaki kwenye majumba yao, hatua zao zinaandikwa. Iko katika Muslim. Katika Bukhari imekuja kwamba alichukia pembezoni mwa Madina pabaki patupu. Kwa hiyo anayekwambia kukaa pembezoni mwa mji ni upungufu wa dini amekosea, na Ubayy bin Kaab anatusimulia habari ya mtu ambaye hakuna aliyekaa mbali na msikiti kuliko yeye, na hakukosa swala hata moja.

Lakini angalia. Banu Salama walikuwa nani? Walikuwa UKOO. Watu na jirani zao, wazee wao na vijana wao. Ukiugua usiku, mlango wa kugonga upo. Mtume hakumwambia mtu mmoja na mkewe na watoto watatu wadogo waende wakakae peke yao kwenye mikorosho kwa sababu dalali kapunguza milioni mbili.

Hili ndilo tulilolivunja sisi. Tazama kinachotokea mjini. Mzee anafariki, Allah amrehemu, ana nyumba yake ya Kiswahili Kariakoo, Ilala au Magomeni. Kabla ya arobaini ambayo hata hatuna dalili nayo, wanunuzi wa maghorofa wamekwishapiga hodi. Nyumba inauzwa, kila mrithi anapata fungu lake, na siku ya pili mmoja yuko Chanika, mmoja Bunju, mmoja Kibada, mmoja Mlandizi. Ndugu wanne ambao walikuwa wakila futari kwenye baraza moja, sasa wanakutana kwenye msiba. Mama mjane anahamishwa kila baada ya miezi mitatu kama mzigo. Hakuna aliyedhulumiwa fungu lake, faradhi imegawiwa sawa. Ila silatu rahim imekatwa na msumeno wa bei nafuu.

Mlishindwa nini kununua mtaa mmoja? Ndugu watatu, mafungu matatu, mkanunua eneo moja mkaligawa, kila mtu na mlango wake na mpaka wake ulioandikwa. Mama akakaa katikati. Hata kama ni huko huko Chanika! Chanika na ndugu zako ni mji, na Mbezi Beach peke yako ni pori lenye lami.

Na hapa niwaseme wa upande wa pili, msidhani mmesalimika. Wapo wasiotaka bei chee, wao wanataka jina. "Siwezi kukaa Mbagala, uswahilini kule." Uswahilini! Ndugu yangu, wewe umezaliwa wapi? Ulikofundishwa alifu kwa kijiti palikuwa Masaki? Mtu ana uwezo wa nyumba ya vyumba viwili Tandika, Buza au Mbagala Kuu, karibu na barabara, maji yanatoka, msikiti unasikia adhana bila kipaza sauti, madrasa tatu za kuchagua, hospitali unakwenda kwa bajaji. Anakataa kwa sababu wenzake kazini wataulizana. Anakwenda kuchukua mkopo wa riba ili akae mahali pa kumpa heshima. Suratul Baqara aya ya 279 inatangaza vita dhidi ya anayeshikilia riba, naye anaingia vitani kwa ajili ya jina la kituo cha basi. Nyumba za wake wa Mtume zilikuwa vyumba vifupi; Hasan al-Basri alisimulia kwamba akiwa kijana aliweza kuigusa dari kwa mkono wake. Chumba kidogo hakijawahi kumshusha mtu kwa Mola wake.

Wapo wanaouza kwa awamu, na kuuza kwa awamu ni halali hata kama bei ni kubwa kuliko ya taslimu, mradi bei moja imekubaliwa mwanzo. Kisome kifungu cha kuchelewa. Ikiandikwa kwamba ukichelewa unaongezewa asilimia, hiyo ni riba imevaa kanzu. Na ikiandikwa kwamba ukishindwa kumaliza, ulicholipa kimepotea, ujue kwamba Shafi, Malik na Abu Hanifa hawakuruhusu muuzaji kula arbuni ya bure, Imam Ahmad ndiye aliyeruhusu. Kwa hiyo uliza kabla ya kusaini, usije kuniuliza mimi baada ya miaka miwili.

Nije kwa madalali. Mnanijua, na wengine mnaswali safu ya mbele, salaam alaykum.

Mtume alipita sokoni akaingiza mkono kwenye chungu ya nafaka, vidole vikakuta unyevu ndani. Akamuuliza mwenyewe, kulikoni? Akajibu kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke juu watu waione, kisha akasema kwamba anayeghushi si katika sisi.

Mvua! Kosa la yule bwana lilikuwa kuficha mvua. Sasa wewe dalali unampeleka mteja kuona kiwanja mwezi wa tisa, jua kali, majani makavu, unamwambia "hapa pametulia". Unajua masika maji yanapita hapo kifuani. Umeficha nini, kama si mvua ile ile? Desemba 2011 mji huu ulipoteza watu zaidi ya arobaini kwa mafuriko, na serikali ikawapeleka waathirika wa mabondeni Mabwepande. Bonde la Msimbazi watu walionywa miaka na miaka. Tumezika. Na bado leo kuna mtu anauziwa pagale bondeni kwa sababu "bei yake hupati kwingine". Hupati, naam, maana kwingine ni pakavu.

Ndugu mnunuzi, na wewe una wajibu. Kaone kiwanja masika, mwezi wa nne, siku ambayo imenyesha usiku kucha. Usimuulize dalali, muulize dereva wa bodaboda pale kijiweni: mvua ikinyesha unafika kule? Yeye hana asilimia. Kisha kaswali Isha msikiti wa karibu na mahali hapo, hesabu safu, mtazame imamu wao, muulize mwalimu wa madrasa ana watoto wangapi na wanasoma nini. Tembea kurudi kwa miguu usiku huo huo. Gonga mlango wa jirani wa nyuma umuulize dumu la maji anapata kwa bei gani na nguzo ya umeme iko mbali kiasi gani. Siku moja tu ya kazi hiyo, na wengi mnaona uvivu. Mtu anachagua simu wiki mbili, nyumba anachagua dakika arobaini.

Na sisemi utafute mtaa wa Waislamu watupu. Wapo wanaoniwekea maneno mdomoni, basi wasome vizuri. Abdullah bin Amr alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akasisitiza jirani yake Myahudi apelekewe nyama, akataja wasia ule ule wa Jibril. Haki ya jirani haikuulizia dini. Jirani Mkristo anayewafungia geti watoto wako wakati hupo, ni bora kwako kuliko Muislamu aliyesogeza jiwe la mpaka usiku. Ninachosema ni kwamba mwanao apate pa kusomea dini yake kwa miguu, na wewe uwe na wa kukushika mkono siku ya jeneza.

Mpaka na karatasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanalia.

Mhuri wa serikali ya mtaa si hati. Mwenyekiti anashuhudia kwamba fulani na fulani wameuziana mbele yake, hakufanyi wewe kuwa mmiliki kama aliyekuuzia hakuwa mmiliki. Uliza: eneo limepimwa? Namba ya kiwanja ni ipi? Nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ujue jina lililoandikwa na kama kuna rehani juu yake. Uliza ramani ya mipango miji inasema hapo ni makazi, ni soko, au ni barabara. Mwaka 2017 Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa nyumba zaidi ya elfu moja. Hifadhi ya barabara pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Wengi wao walikuwa na karatasi zao, zina mihuri, wamekaa miaka. Mahali karibu na lami, bei ndogo kuliko ya jirani, kwa nini ndogo? Hukujiuliza, ulifurahi.

Kisha muulize muuzaji: eneo hili umelipata vipi? Akisema ni la urithi, simama. Msimamizi wa mirathi ni nani, mahakama imemteua? Dada zake wako wapi? Nimesema DADA zake, maana kaka wote watakuwepo, wamekaa kwenye viti, na dada yuko Lindi hana habari. Mtume alipofika Madina na kutaka mahali pa kujenga msikiti, palikuwa pa mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kumpa bure. Hakukubali mpaka alipolipa thamani. Msikiti wake haukusimama juu ya ardhi ya yatima bila malipo, wewe choo chako kitasimama? Anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa ardhi saba shingoni Siku ya Kiyama, iko katika Bukhari na Muslim. Swala kwenye ardhi ya dhulma, kwetu Mashafi inasihi pamoja na dhambi kwa aliyejua, na katika Hanbali wapo waliosema haisihi kabisa. Unataka uswali tahajudi miaka ishirini mahali ambapo wanazuoni wamekhitalifiana?

Na mke wa muuzaji asaini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwenza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ukimruka mama wa watu, jiandae kwa kesi, na dua yake pia.

Ndugu zetu mlioko Muscat, London na kwingineko, nanyi mna lenu. Mnamtumia kaka pesa anunue. Kaka ananunua, ameandika jina lake "kwa urahisi". Kaka anafariki, watoto wake wanarithi kihalali kabisa kwa mujibu wa karatasi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya kuandikiana madeni, na wewe unaona aibu kumwandikisha ndugu yako? Andikisha, na shahidi wawili.

Kuna anayesema, "Shekhe, mji utakuja. Walionunua Tegeta zamani walichekwa, leo wako katikati." Kweli, na siwezi kumpinga. Kama una kijana wa miaka ishirini na tano, hana mke, ana akiba, anunue kiwanja kilichopimwa mbali, akipande miembe, akisubiri mji. Hiyo ni akiba nzuri. Ila kiwanja cha kusubiri mji ni jambo moja, na nyumba ya kulaza watoto leo usiku ni jambo jingine. Mji ukifika baada ya miaka kumi na tano, mwanao wa miaka mitano atakuwa na ishirini. Alilelewa na nani katika kusubiri?

Husimuliwa katika vitabu vya adabu kwamba Abul Jahm alikuwa anauza nyumba yake kwa dirhamu laki moja. Walipokubaliana bei akawauliza, na ujirani wa Said bin al-Aas mtaununua kwa kiasi gani? Wakashangaa, kwani ujirani huuzwa? Akawarudishia, akataka nyumba yake, akisema hawezi kumwacha jirani ambaye akikaa humuulizia na akisafiri humlindia. Said aliposikia akampelekea laki moja abaki pale pale.

Basi kabla ya kulipa, mwite mkeo na mwanao mkubwa, muwaulize wao watakaoshinda hapo mchana kutwa. Mwenye ndugu anayetafuta, nunueni jirani jirani. Na mwenye mkataba mkononi asiyeuelewa, Jumamosi baada ya Alasiri nipo msikitini na ndugu yetu mmoja mwanasheria, tutausoma pamoja kifungu kwa kifungu, hatutozi kitu. Njoo nao kabla hujalipa, na uje na jina la jirani wa nyuma.

Wallahu a'lam.